Toleka na Chaki



Vita vilipoanza Agosti 1998, njia ya mto ilifungwa, na meli za Kinshasa hazikufika tena Basoko wala Kisangani. Mishahara ya Serikali haikuonekana, petroli iliadimika. Ndipo baiskeli ikawa gari la Kisangani. Kijana alifunga kiti nyuma, akabeba abiria, chumvi na mafuta ya mawese. Watu wakaiita toleka, yaani “tupite” kwa Kilingala. Hata wenye diploma waliiendesha, na fundi wa kuziba mipira akapata wateja.

Sisi tuliosomea ualimu tuliwadharau, tukiri. Kumbe nasi tuliishi kwa nauli: tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliotulipa, hata katika shule za Kanisa, mpaka Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Ila abiria asiye na pesa alitembea kwa miguu, akafika. Mtoto asiye na pesa tulimtoa darasani. Wengi wao leo ni wazazi, na hutuletea watoto wao tuwafundishe katekisimu.