Somo la Historia: Theluji ya Kilimanjaro

Leo tunasoma historia, lakini wekeni penseli karibu, maana hesabu nayo itaingia.

Zamani Mangi Rungua wa Machame aliutazama weupe ulio juu ya Kilimanjaro, akatumaini kuwa ni fedha. Akatuma watu wapande. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Habari hiyo alisimuliwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliyefika Uchagani mwaka 1848. Rebmann akaandika kwamba weupe ule ni theluji. Huko London mjuzi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta? Bwana huyu, jamani, hakuwahi kukanyaga Afrika! Nasi tukisoma jiografia twajua: kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo baridi izidivyo.

Mwaka 1912 barafu ya mlima ilienea kilomita za mraba 11.40. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Imekwenda wapi?

Hapo tumwite mwalimu wa sayansi. Wengi hujibu upesi, "Joto la dunia." Jibu hilo lina kweli, ila halijatosha. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huko juu imekuwa kavu. Theluji mpya ni haba, na jua huila ile ya zamani. Nyingine hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Wataalamu wanauhusisha ukavu huo na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Na dunia nzima inazidi joto kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe na mafuta.

Mwalimu wa kilimo naye ana neno. Maji ya mifongo, ile mitaro ya Wachaga, kwa sehemu kubwa hutokana na mvua inyeshayo msituni, si barafu. Mkulima akifundishwa habari za theluji peke yake, atakodolea macho kilele, na huku msitu unaungua juu ya shamba lake.

Sasa andikeni: 11.40 toa 1.76. Nanyi mkaao karibu na mlima, mwulizeni mzee mmoja theluji ilifika wapi alipokuwa kijana. Jibu lake liandikeni katika daftari, pamoja na mwaka.