Korido za Burbank
Nimebeba kamera za televisheni muda wa kutosha kujua kwamba watu wawili wanaoongea huku wanatembea ni kazi ya jasho. Mwanga unabadilika kila hatua, kivuli chako kinaingia kwenye picha, na mwigizaji akiteleza kwenye neno la mwisho mnarudi mwanzo wote. Ndiyo maana The West Wing, tamthilia ya Ikulu ya Marekani iliyoanza kurushwa na NBC Septemba 1999, naitazama kwa jicho la fundi. Siasa zake baadaye.

Ikulu ile ilijengwa ndani ya studio za Warner Bros., Burbank, California. Mwongozaji Thomas Schlamme alimvisha mpiga picha kamera ya Steadicam, akamfanya atembee kinyumenyume mbele ya waigizaji waliomwaga maneno ya mwandishi Aaron Sorkin kama cherehani. Sorkin aliandika karibu vipindi vyote vya misimu minne ya kwanza. Walipoondoka wote wawili 2003, mtayarishaji John Wells akashika usukani. Mimi naona kasi ilipungua.

Rais hakukusudiwa kuonekana sana, maana hadithi ilikuwa ya wasaidizi wake. Lakini Martin Sheen alipoingia kama rais huyo mwishoni mwa kipindi cha kwanza, nani angemtoa tena?

Desemba 2005 John Spencer, aliyecheza Leo McGarry, alifariki kwa mshtuko wa moyo. Katika hadithi, McGarry alikuwa mgombea mwenza wa urais, kampeni imepamba moto. Waandishi wakamfisha naye, usiku wa uchaguzi. Mei 2006 tamthilia ikafungwa.