Dawa ya Fangasi Iliyoituliza Kinga

Desemba 1964 meli ya jeshi la majini la Kanada ilitia nanga Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho peke yake katika Bahari ya Pasifiki. Ilileta wanasayansi na madaktari. Mmoja wao, Georges Nógrády, alishangazwa na jambo moja: wenyeji walitembea pekupeku, farasi, ambao kinyesi chao huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, walizagaa kila mahali, lakini ugonjwa huo haukuonekana. Akakigawa kisiwa vipande 67, akachota udongo kila kipande.

Udongo huo uliishia maabara ya kampuni ya dawa ya Ayerst, Montreal. Humo Surendra Nath Sehgal na wenzake walikuta bakteria atoaye kemikali inayozuia fangasi. Wakaiita rapamaisini, angalau jina la kisiwa halikusahauliwa. Taarifa zake zilichapishwa 1975, na matumaini yalikuwa kupata dawa ya fangasi. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa ikipunguza kinga ya mwili, na mgonjwa wa maambukizi kinga ndiyo anayoitegemea.

Badala ya kuitupa, mwaka 1977 watafiti wa Ayerst waliigeuza kasoro hiyo kuwa swali. Walichukua panya, wakaichochea kinga yao iushambulie mwili wenyewe: wengine kwenye ubongo na uti wa mgongo, wengine kwenye viungo, kama baridi yabisi. Waliopewa rapamaisini hawakupata ugonjwa. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, nalo halikupigiwa kelele.

Mwaka 1983 maabara ya Montreal ilifungwa na utafiti ukakatizwa. Sehgal alihamia Princeton, Marekani, akiwa na shehena ndogo ya dawa aliyoitunza kwenye friza ya nyumbani kwake, imeandikwa onyo kwamba isiliwe. Baada ya kampuni kuungana na Wyeth, mwaka 1987, aliwashawishi wakubwa wapya, kazi ikaanza tena. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa waliopandikizwa figo, ili kinga yao isiikatae figo mpya. Haiziui chembe za kinga. Inazizuia zisizaane zinapochochewa.

Wagonjwa ambao kinga yao huushambulia mwili wenyewe, kama wale panya, waliendelea kusubiri. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika New York kwa wagonjwa wa lupus, ugonjwa wa aina hiyo, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa. Wengi waliomaliza miezi 12 walipata nafuu, ila hapakuwa na kundi la kulinganishwa nao.