Manowari ya Bomba Tatu

Watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu, na wengi waliijua kwa jina hilo kuliko kwa jina lake la Kijerumani, yaani Königsberg. Iliteremshwa majini katika bandari ya Kiel, Desemba 1905. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka huo huo, katika vilima vya Umatumbi, kusini ya mto Rufiji, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuwaka dhidi ya Wajerumani waliowalazimisha watu kulima pamba. Wakati ule hakuna aliyeweza kuyahusisha mambo hayo mawili. Haikupita miaka kumi, yakakutana mahali pamoja.

Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, ikiongozwa na nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, na amri yake ilikuwa kuzivizia meli za biashara za adui endapo vita vitatokea. Julai 31 iling'oa nanga, na Agosti 6 ikaikamata meli ya Kiingereza, City of Winchester, iliyobeba chai, karibu na pwani ya Omani. Meli hiyo ilipelekwa kwenye visiwa vya Kuria Muria, ikapakuliwa makaa yake, kisha ikazamishwa.

Na hiyo ndiyo meli ya kwanza na ya mwisho ya biashara iliyonaswa na Königsberg. Chombo kilichojengwa ili kukata njia za biashara za dola kubwa kilishindwa na njaa yake chenyewe. Manowari za wakati ule zilikula makaa ya mawe bila kushiba, na Waingereza, kwa werevu wa mfanyabiashara zaidi kuliko wa askari, walikwisha kuyanunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ya Wareno ili adui asiyapate. Mwanzoni mwa Septemba Looff akaiingiza meli yake mafichoni, katika midomo ya Rufiji.

Kutoka humo ilitoka mara moja tu kupigana. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaipiga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa, na wengi wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Lakini mshindi naye aliharibikiwa mitambo, akalazimika kurudi Rufiji.

Hapa ndipo habari yenyewe inapoanza, ingawa vitabu vingi vya Ulaya hupapita haraka ili viwahi kwenye mizinga. Midomo ya Rufiji ni mifereji mingi inayopindapinda katika msitu wa mikoko, yenye tope na maji yanayopanda na kushuka. Kwa wenyeji haikuwa siri. Kwa vizazi vingi walikata boriti humo, na majahazi yakazichukua hadi Arabuni na Ghuba kujengea nyumba. Ndani ya msitu huo manowari ilifunikwa kwa matawi, na sehemu za mitambo yake zikafunguliwa na kupelekwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Hapakuwa na reli kutoka Rufiji. Chuma hicho kilikokotwa na watu, kupita vichaka na mabwawa, kwa amri ya serikali ile ile iliyovizima vita vya Maji Maji kwa kuchoma mashamba na ghala za chakula.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Novemba 10 walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mfereji mmoja, lakini Rufiji haina mlango mmoja. Meli ya Kijerumani iliyotumwa na makaa na risasi ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Risasi nyingi ziliopolewa, lakini Königsberg haikuyapata makaa iliyoyahitaji. Hatimaye zililetwa Severn na Mersey, manowari mbili zenye kina kifupi, zikielekezwa na ndege zilizorushwa kutoka Mafia. Julai 6 hazikufaulu. Julai 11, 1915, Königsberg ilipigwa hadi ikawaka moto, na Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru izamishwe.

Vita vya baharini vilikwisha, lakini mzigo haukupungua. Mizinga yote kumi iliopolewa mtoni, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na mamia ya watu kwa kamba, ikaundiwa magurudumu. Kutoka hapo ilitawanywa nchi nzima katika jeshi la Lettow-Vorbeck. Mmoja uliwekwa Kigoma juu ya meli Graf von Götzen, ambayo baada ya kuopolewa mwaka 1924 ilipewa jina la Liemba. Mwingine ulilipuliwa Kahe na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Palipokosekana njia ya gari au ng'ombe, mbung'o wakiwamaliza, mizinga ilivutwa na wanadamu. Katika vita hivyo wapagazi walikufa makumi kwa maelfu kwa pande zote mbili, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wale waliovuta mizinga ya Rufiji hawakuachiwa hata jina la mtaa. Jina la Looff limo katika kila kitabu. Majina yao hayakuandikwa popote, labda katika orodha ya posho iliyooza zamani.

Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus iliyozamishwa nao. Mwingine uko Pretoria. Mabaki ya meli yenyewe yaliendelea kuonekana mtoni kwa miaka mingi, yakilalia ubavu, hadi miaka ya 1960 yalipodidimia katika tope.