Zana Iliyokufa Tarehe 31 Desemba 2020

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya mambo mapya ya kompyuta, akidhani kwamba kwa kuwa nimefanya kazi serikalini kwa zaidi ya miaka kumi na tano nikishughulika na tovuti na fomu za kielektroniki, basi habari hizo ninazo. Kwa kweli mambo mapya vijana wa Kidato cha Tano wanayajua kuliko mimi. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike juu ya jambo la kale, yaani historia ya zana moja ya kutengenezea tovuti, ambayo ilizaliwa, ikatawala dunia nzima na kisha ikafa, na yote hayo yalitukia katika umri wetu sisi tuliomaliza shule hii mwishoni mwa miaka ya tisini. Jina lake ni Flash. Nimeichagua kwa sababu vijana hawaishi kuniuliza: "Mzee, nijifunze kitu gani, maana kila mwaka kinatoka kipya?" Sijaona habari inayolijibu swali hilo kama hii.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Mtandao wa tovuti ulipendekezwa Machi 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Lugha yake, HTML, ilikuwa nyepesi mno: alama chini ya 20 za kuonyesha kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hiki ni kiungo cha kukupeleka ukurasa mwingine. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuitumia kazi hiyo bila malipo. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, maana inahusika na mambo yatakayofuata.

Kurasa za wakati huo zilikuwa kama gazeti lililobandikwa ukutani. Ungeweza kusoma na kutazama picha, lakini hakuna kilichotembea wala kutoa sauti. Pengo hilo ndilo lililozibwa na Mmarekani Jonathan Gay na wenzake. Walikuwa wametengeneza programu ya kuchorea kwa kalamu juu ya kioo cha kompyuta, na kompyuta za namna hiyo hazikupata wanunuzi. Wakaigeuza iwe programu ya katuni, na katika mwaka 1996 wakaitoa kwa jina la FutureSplash Animator. Kabla ya mwaka kwisha kampuni ya Macromedia iliinunua na kuipa jina la Flash.

Ufundi wake ulistahili sifa. Badala ya kusafirisha picha nukta kwa nukta, Flash ilisafirisha maagizo tu: chora mstari toka hapa hadi pale, upinde kidogo, paka rangi nyekundu ndani. Kompyuta ya msomaji ndiyo iliyofanya kazi ya kuchora. Kwa hiyo katuni nzima iliweza kubebwa katika faili dogo sana. Ninyi mliozaliwa baada ya Julai 2009, mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya bahari, hamwezi kuona uzito wa jambo hilo. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na sisi tuliketi katika vibanda vya intaneti tukilipia kwa saa huku picha moja ikishuka polepole kama pazia bovu. Katika hali hiyo kitu kilichotembea na kuimba kwa kilobaiti chache kilikuwa mwujiza.

Nilipokuwa Chuo Kikuu, mnamo mwaka 2003, aliyejua Flash alihesabiwa kuwa fundi. Mwaka huo huo lugha yake ya kuandikia maagizo, ActionScript, ilitoka toleo la pili, na tukakesha kuisoma. Mwaka 2006 likatoka toleo la tatu, lililotofautiana mno na la pili hata ikabidi watu waanze karibu upya. Adobe ilikuwa imekwisha kuinunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka huo YouTube ilianza kuonyesha video zake kwa kutumia Flash. Nani angethubutu kusema wakati huo kwamba zana hii ina miaka kumi na mitano tu ya kuishi?

Ugonjwa wake ulikuwa wa tangu kuzaliwa. Flash haikuwa sehemu ya kivinjari. Ilikuwa programu ya kupachikwa, mali ya kampuni moja, na kampuni hiyo peke yake ndiyo iliyoweza kuitibu. Matundu ya usalama yaligunduliwa ndani yake moja baada ya jingine. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali kabisa, na Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple akaandika barua ya wazi akieleza sababu: inamaliza betri, si salama, haikutengenezwa kwa ajili ya kidole, na imefungwa mikononi mwa kampuni moja. Kusikia Apple ikilaumu wengine kwa kufunga vitu vyao kunachekesha, lakini hoja zenyewe zilikuwa na nguvu. Novemba 2011 Adobe iliacha kuiendeleza Flash ya vivinjari vya simu. Wakati huo huo HTML ya zamani ilikuwa ikifundishwa kuonyesha video na kuchora yenyewe, na toleo la HTML5 likapitishwa rasmi Oktoba 2014. Julai 2017 Adobe ilitangaza siku ya mazishi: mwisho wa mwaka 2020. Tangu tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ilijizuia yenyewe kufanya kazi.

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi watumishi wa umma. Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini ilikuwa na fomu za kodi zilizotengenezwa kwa Flash, na siku ilipofika baadhi yake zilikuwa bado hazijahamishwa. Mwananchi anatakiwa na sheria kuleta hesabu zake, na fomu haifunguki! Mwezi huo huo wa Januari Mamlaka ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu, cha kutumika katika kompyuta za Windows tu, ili fomu hizo zifunguke. Wengi duniani waliwacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu katika ofisi moja ambayo sitaitaja niliona mafunzo ya watumishi, yaliyogharimu fedha za kutosha, yakigeuka mraba mweupe katika kioo. Katika masijala ya ofisi hiyo hiyo lilikuwamo jalada la mwaka 1964 ambalo karani alilifungua na kulisoma bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Jambo la ajabu ni kwamba waliosoma Flash hawakupoteza kila kitu. ActionScript na JavaScript zinafuata kanuni moja iitwayo ECMAScript, hivyo aliyeielewa moja aliivuka ile nyingine kwa miezi michache. Aliyekariri tu mahali pa kubofya ndiye aliyebaki mikono mitupu. JavaScript yenyewe iliandikwa na Brendan Eich kwa siku kumi hivi katika Mei 1995, na kasoro za haraka ile bado zimo, ila hadi leo kila kivinjari kinaisoma.

Juu ya JavaScript zimepandwa zana nyingi: jQuery mwaka 2006, AngularJS 2010, React 2013, Vue 2014. AngularJS iliandikwa upya mwaka 2016 kwa namna iliyowatupa nje waliokwisha kuizoea, na ile ya kwanza ikaachwa rasmi mwisho wa 2021, mwaka mmoja kamili baada ya Flash. Hata hivyo zana hizi zote mwisho wa kazi yake hutoa HTML ile ile ya Geneva. Kijana akiniuliza, humwambia aanze na hiyo, kisha JavaScript tupu, ndipo achague zana ambayo waajiri wa mwaka huo wanaitaka, akijua kwamba ni ya mwaka huo.

Na zile katuni na michezo ya Flash je? Novemba 2020, wiki chache kabla ya mazishi, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza kuzihifadhi kwa kutumia Ruffle, programu ya watu wanaojitolea, ambayo huigiza Flash ndani ya kivinjari cha kawaida kwa njia ya WebAssembly, kanuni iliyo wazi kwa wote. Nimekwisha kuufungua mchezo mmoja tulioucheza bwenini chuoni. Unafunguka hata katika iPhone.