Kinyesi cha tembo mnadani

Boom halijaingia, maharage ya jana ndiyo hayo hayo, lakini hili lazima niliandike.

Juzi kwenye semina mhadhiri aliuliza vyanzo vya historia ni vipi. Watu wakataja nyaraka, masimulizi, mabaki ya kale. Mimi nikasema hata bei ya mnadani. Darasa zima likaangua kicheko! Basi leo najibu kwa utulivu.

Mfano wangu ni mchoro wa Chris Ofili, "The Holy Virgin Mary", wa mwaka 1996. Ofili ni Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1968, wazazi wake Wanaijeria. Mwaka 1992 alisafiri Zimbabwe, na baada ya hapo ndipo kinyesi cha tembo kikaingia kwenye kazi zake. Mchoro una kimo cha karibu mita 2.4. Ni Bikira Maria mweusi mwenye vazi la bluu. Kuna rangi ya mafuta, resini, chembechembe za kumetameta, vipande vya picha za ngono vilivyokatwa magazetini, na donge la kinyesi kifuani. Madonge mengine mawili ndiyo miguu yake, maana hautundikwi, unaegemezwa ukutani.

Mwaka 1999 ukafika Brooklyn Museum, New York. Weee! Meya Rudolph Giuliani akasema dini imetukanwa, akataka kuzuia ruzuku ya jiji, kama dola milioni 7. Kesi ikaenda mahakamani, Novemba makumbusho wakashinda. Desemba mzee mmoja akaupaka rangi nyeupe, ikabidi usafishwe.

Juni 2015, Christie's ya London wakaunadi. Ukaenda kwa zaidi ya pauni milioni 2.8. Mwaka 2018 MoMA wakapewa kama zawadi, New York ile ile!

Mimi nimelelewa Kikatoliki, sitadanganya, zile picha za magazetini zinanikwaza. Lakini kinyesi? Kwa bibi, Mbulu, sakafu ilisiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na rozari tulisali tumepiga magoti hapo hapo. Hakuna aliyesema tunamtukana Maria. Nilipofika sekondari ya bweni ndipo nikaona aibu. Nikawaambia wenzangu kwa bibi kuna saruji. Bibi alifariki kabla sijamwambia nilivyomkana.

Ndiyo maana bei ile naiita chanzo. Hainiambii kama mchoro ni mzuri au mbaya. Ila kati ya 1999 na 2015 mchoro haukubadilika, waliobadilika ni watu. Kuwauliza kwa nini, hiyo ndiyo kazi ya historia. Na mwakani nikiingia darasani kufundisha, mtoto akisema kwao wanasiriba kwa kinyesi, sitaruhusu mtu acheke.

Mnasemaje wadau? Ngoja nikapange foleni ya maji. Tuko pamoja.