Kamera Tano Zilizovunjika: filamu ya mkulima wa Bil'in

"5 Broken Cameras" ni filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2011. Kwa Kifaransa inaitwa "5 caméras brisées". Imetengenezwa na watu wawili: Emad Burnat, Mpalestina, na Guy Davidi, Mwisraeli. Inadumu karibu saa moja na nusu.

Mahali na mwanzo wake

Bil'in ni kijiji cha wakulima, magharibi ya Ramallah, katika Ukingo wa Magharibi, eneo ambalo jeshi la Israeli linalikalia tangu 1967. Watu wake wanategemea mizeituni, ambayo baba anamwachia mwana. Mwaka 2005 Burnat alipata kamera yake ya kwanza. Hakuwa mwandishi wa habari. Alitaka kupiga picha za mwana wake wa nne, Gibreel, aliyekuwa amezaliwa.

Lakini siku zile zile makatapila yalikuwa katika mashamba. Israeli ilikuwa inajenga uzio, ikisema ni kwa ajili ya usalama wa raia wake. Uzio huo ulipita ndani ya ardhi ya kijiji na kuacha sehemu kubwa ya mashamba upande wa pili, ambako makazi ya walowezi ya Modi'in Illit yalikuwa yanapanuka. Wanakijiji wakaanza kuandamana kila siku ya Ijumaa bila silaha, na Waisraeli wengine pamoja na wageni walikuja kutembea pamoja nao. Burnat akawa anawafuata na kamera yake.

Kamera tano, miaka mitano

Filamu imepangwa kufuatana na maisha ya kamera hizo. Ya kwanza iliharibiwa na bomu la machozi. Nyingine zilifuata njia hiyo moja baada ya nyingine, na mojawapo ilipokea risasi ambayo ingempata Burnat mwenyewe. Kila kamera inapokufa, Gibreel amekwisha kukua kidogo. Miongoni mwa maneno yake ya kwanza ni "ukuta" na "jeshi".

Hapa ndipo nguvu ya filamu hii ilipo. Katika habari za redio tunasikia juu ya Palestina siku ya mabomu tu. Burnat anatuonyesha siku zinazobaki: mizeituni iliyochomwa moto, askari wanaobisha mlango usiku kutafuta watoto wa kukamata, baba anayeambiwa kwamba nyumba yake mwenyewe sasa ni eneo la kijeshi lililofungwa. Tunamwona pia mke wake, Soraya, akimwomba aache kupiga picha, kwa sababu amechoka kumngojea. Na tunaona mtoto akimpa askari tawi la mzeituni.

Kifo cha Phil

Bassem Abu Rahmah, ambaye kijiji chote kilimwita Phil, alikuwa rafiki wa watoto. Tarehe 17 Aprili 2009, katika maandamano, bomu la machozi lilimpiga kifuani, akafa. Baada ya hapo Gibreel anamwuliza baba yake kwa nini asiwaue askari kwa kisu, kwa kuwa wamemwua Phil wake. Swali hilo linamtisha baba, na litamtisha kila mzazi. Uzio ulichukua mashamba. Sasa chuki inaomba moyo wa mtoto.

Matokeo

Mwezi wa 9 mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Israeli iliamuru njia ya uzio ibadilishwe. Uzio wenyewe ulihamishwa mwaka 2011 tu. Kijiji kilirudishiwa sehemu ya ardhi yake, si yote. Mwaka 2012 filamu ilipata tuzo ya uongozaji kule Sundance, Marekani, na mwaka 2013 iliteuliwa kugombea Oscar. Burnat alipofika Los Angeles kwa sherehe hiyo pamoja na Soraya na Gibreel, maafisa wa uhamiaji walimzuia kwa muda kwenye uwanja wa ndege. Kulikuwa pia na mabishano: wengine waliiita filamu ya Israeli kwa sababu ya fedha zilizotoka huko, lakini Burnat alisema ni ya Palestina. Wengine waliilaumu kwamba inaonyesha upande mmoja. Ni kweli kwamba ni macho ya mtu mmoja, naye hafichi jambo hilo.

Kwa wanaotaka kuitazama

Wengi wetu tunaijua nchi ile kwa majina ya Maandiko tu, na ni rahisi kusahau kwamba kuna watu wanaolima huko leo. Kuipenda Israeli ya Biblia hakumkatazi mtu kumsikiliza mkulima wa Bil'in. Davidi, ambaye ni Mwisraeli, alimsikiliza. Kwa kikundi cha vijana au cha wazazi ni filamu nzuri ya kuzungumzia. Watoto wadogo wasiitazame, kwa maana kifo kinaonekana wazi. Na baada ya filamu, msianze na siasa. Anzeni na swali la Gibreel: je, baba angemjibu nini?